Chuma Nilichokiosha

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Daftari hili nimepewa na mwanangu leo asubuhi. Alikuwa mlangoni, mkoba begani, ovaroli imekunjwa chini ya kwapa. "Mama," akaniambia, "muhula uliopita kuna siku ulinipigia simu mara saba. Ile ya saba ilinikuta nimeshika tupa, nikashtuka, nikakwaruza chuma pasipotakiwa. Muhula huu wasiwasi ukikushika, andika humu. Jioni nitakuuliza umejaza kurasa ngapi." Akacheka, akaenda zake.

Mimi niliishia darasa la tano. Kazini kwangu, chumba cha kufulia cha hospitali, kuandika kwangu ni mashuka themanini, foronya mia, mapazia manne. Sasa wasiwasi nao unahesabiwaje?

Kitinda amenipa mfano. Namwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho tumboni mwangu, ingawa sasa ana miaka ishirini na mbili na ananipita kimo. Anasema chuoni kila mmoja ana daftari la karakana, na kila siku anaandika mambo matatu: kilichofanyika, kilichoharibika, na sababu. Mkufunzi anasoma, anatia sahihi. Basi na mimi:

Kilichofanyika: amekwenda chuoni.
Kilichoharibika: hakuna bado.
Sababu: ndiyo kwanza saa moja asubuhi.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Simu nimeishika mara nne, nikairudisha mfukoni. Sijapiga.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Leo sikwenda kazini, kwa hiyo niandike vizuri hofu yangu ni nini, isije ikaonekana nina wazimu.

Kitinda anasoma teknolojia ya uhandisi, upande wa mitambo, mwaka wa pili, chuo cha serikali hapa hapa mjini. Hesabu anajua. Michoro anachora mpaka unataka kuitundika ukutani. Kilichomwangusha mwaka jana ni mikono, somo la karakana. Wanapewa vipande viwili vya chuma. Kimoja wakichonge kiwe na ulimi, kingine kiwe na mdomo, kwa tupa na mkono tu, hakuna mashine. Kisha ulimi unaingia mdomoni, mkufunzi anavinyanyua dirishani. Mwanga ukipenya katikati, umeshindwa. Vya Kitinda, mwenyewe anasema, vilipitisha mwanga kama mlango wa choo chetu.

Amepewa nafasi ya kurudia mara moja. Mtihani ni tarehe 26 Aprili. Akishindwa tena, jina linafutwa na miaka miwili imekwenda na maji. Hiyo ndiyo hofu yangu, nimeimaliza. Nilidhani itajaza daftari zima, kumbe ni mistari kumi.

Dada yangu alipita mchana. Akaona ovaroli kwenye kamba. "Hii ya nani, ya kuku anayeoga vumbi? Imejaa vumbi la chuma!"

"Ya mwanao," nikamwambia.

"Mwanangu alikuwa ashonee watu magauni. Msichana na chuma wapi na wapi?"

"Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli. Kipele humuota mwenye damu yake."

"Msemo huo umeutunga leo."

"Na utaukumbuka kesho."

Tulicheka. Lakini alipoondoka nilikaa nikajiuliza, je, kama dada ana haki?

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nilimuuliza Kitinda, huo mwanga unaokatazwa ni mpana kiasi gani? Akaja nyuma yangu, akaning'oa unywele mmoja. Nikapiga kelele.

"Huu," akasema akiuinua kwenye taa, "pengo halitakiwi kufika hata nusu ya huu."

"Umening'oa mweusi! Mvi zote hizo hukuziona?"

"Mvi ni nene zaidi, mama. Zingekupa matumaini ya bure."

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Mvua ya kwanza. Mashuka hayakauki, tunayapitisha kwenye pasi kubwa mara mbili.

Mkufunzi wao wanamwita Rudia. Si jina lake. Ni kwa sababu ndilo neno analolisema. Unampelekea kipande, anakipima, anakurudishia: "Rudia." Hasemi wapi umekosea. Kitinda ana malengelenge matatu kwenye kiganja na jingine limepasuka. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Mtu mzima mwenye watoto wake anawezaje kumtazama msichana mwenye mkono kama huu akasema rudia?

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mvua. Rudia kasema rudia.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mara ya tatu! Ulimi alikuwa ameumaliza, wenzake wamemsifu, yeye mwenyewe kaupima mara kumi. Akampelekea. Rudia akaweka kipimo, akafumba jicho moja, akasema neno lake.

"Wavulana nao anawaambia hivyo?" nikamuuliza.

"Anawaambia, mama."

"Mara tatu?"

"Mmoja mara sita."

Sikumwamini. Nadhani ananificha. Mimi nimeshamwona mtu huyu rohoni mwangu: mrefu, mkavu, ana midomo myembamba, hajawahi kupenda kitu kilicho hai.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Ukuta wa nyuma umeota ukungu. Kitinda anafanya mazoezi barazani kwenye jiliwa la marehemu baba yake, lile la kubania baiskeli, krr, krr, krr, tangu asubuhi. Miaka mingi sauti hiyo haikuwepo nyumbani humu. Niliacha dirisha wazi makusudi, mvua ikaingia, nikapangusa.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Leo amerudi ana meno yote nje. Rudia hakusema rudia! Alipima vyote viwili, ulimi na mdomo, akasema: "Bado kidogo." Wenzake wanasema hiyo kwake ni kama kupigiwa ngoma. Bado siku kumi na nne, naye kazi iliyobaki ni ya siku mbili tatu.

Ila stoo ya karakana inavuja, maji yanadondokea makabati. Mkufunzi kamwambia kila mmoja abebe vipande vyake nyumbani mpaka paa lizibwe. Kitinda kavileta vimezongwa kwenye kitambaa cheusi kinachonuka. Akaviweka juu ya sanduku la nguo.

"Mama, haya ndiyo maisha yangu, wiki tano zote. Nitunzie."

"Kama mboni ya jicho," nikamwambia.

Jumapili, tarehe 14 Aprili

Kitinda kaenda kusoma na wenzake, mimi nimebaki na kazi zangu. Nikasema ngoja nimtunzie vitu vyake. Kufungua kile kitambaa, masikini! Ni kipande cha shati la baba yake, lile la bluu la kazini, halitambuliki kwa mafuta. Na vyuma vyenyewe vinateleza kama kambale, vina madoa ya bluu na mistari mistari. Mtoto anakwenda kwenye mtihani na uchafu huu?

Miaka kumi na saba nilifua mafuta ya mume wangu. Hospitalini nafua damu na dawa. Hakuna doa lililowahi kunishinda. Nimevisugua kwa sabuni, mchanga laini na waya wa sufuria, kila upande, hasa kwenye kona maana ndiko uchafu hujificha. Vimeng'aa, unajiona uso! Shati nalo nimelifua mpaka bluu yake imerudi, nikalibusu. Vyuma nimevifunga kwenye kitambaa cheupe nilichokipiga pasi, bado kina unyevu kidogo, nikavirudisha pale pale. Sitamwambia. Karakana yao inayofuata ni Jumanne, atashangaa mwenyewe.

Leo sina wasiwasi hata kidogo.

Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Naandika usiku, Kitinda bado yuko barazani.

Kazini leo mashine ya kukamua ilikuwa inalia, akaja fundi wa hospitali. Kafungua, kachomoa ekseli yake, kaifuta, halafu kaipaka grisi nene nyeusi. Nikamtania, "Fundi, wewe unafuta halafu unachafua. Njoo uone chuma cha mwanangu, jana nimekiosha kinang'aa kama kijiko cha bwana harusi."

Akacheka. "Chuma gani, dada?"

"Cha chuoni. Cha mtihani."

Akaacha kucheka. "Umekiosha kwa nini?"

"Kwa sabuni, kwa mchanga, na..."

"Ukakipaka mafuta baadaye?"

"Nikipake mafuta ya nini? Nimetoka kuyaondoa!"

Akaweka ile ekseli chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. "Dada yangu," akasema, "chuma kilichopigwa tupa hakikai kitupu msimu wa mvua. Yale mafuta ndiyo nguo yake."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Zamu yangu inaisha saa tisa. Saa tano nzima nimekunja mashuka na kila shuka lilikuwa na sura ya mwanangu. Nilimwomba Mungu kitambaa kiwe kimekauka. Nilimwomba hata jambo la kijinga, mwizi aingie aibe, ili nisiwe mimi.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Kitambaa cheupe kilikuwa na alama mbili za rangi ya chai. Nikafungua. Kutu, kila mahali, nyingine imeingia kama tetekuwanga. Nikasema labda inafutika, nikafuta kwa kidole. Juu ilitoka, chini ikabaki.

Kitinda kaingia saa kumi na moja amelowa, anaimba. Nilikuwa nimekaa kitandani, vyuma mapajani. Nikasema tu, "Niliviosha."

Alivichukua. Hakupiga kelele. Alipitisha kidole gumba kwenye kona, mara moja, mara mbili, halafu akachukua ulimi akautia mdomoni, akauelekeza mlangoni. Hata mimi kutoka kitandani niliuona mwanga.

"Ulisugua kona?"

"Niliziosha vizuri zaidi, mwanangu. Nilidhani..."

"Zimekuwa duara," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu akiwa na miaka sita, "Mama, zimekuwa duara."

Akaenda barazani, akakaa karibu na jiliwa. Ningepigwa kofi ningepona.

Kilichofanyika: nimeosha.
Kilichoharibika: wiki tano za mwanangu.
Sababu: mimi.

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Kaamka, kanywa chai, kasema "Nakwenda, mama." Maneno mawili. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jioni nilimuuliza kama amepewa chuma kingine. "Hakijaletwa," akajibu.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Bado hakijaletwa, anasema. Siku tisa zimebaki. Kazi ya wiki tano kwa siku tisa, na chuma chenyewe hakipo! Nilimlaani Rudia kimoyomoyo, nikamlaani na chuo kizima.

Kitinda alipokwenda kuoga, daftari lake la karakana lilikuwa mezani. Sikuwahi kuligusa. Nimelifungua. Nasoma polepole lakini nasoma. Ukurasa wa jana kaandika hivi:

"Kilichoharibika: vipande vyote viwili. Sababu: nilisahau kuvipaka mafuta."

Chini yake, kwa wino mwekundu: "Kutu haisugui kona. Sababu si kweli. Rudia."

Na ukurasa wa leo sababu ile ile, neno kwa neno. Na wino mwekundu ule ule: "Si kweli. Chuma kipya hakitoki bila sababu ya kweli."

Kumbe chuma kipo. Ananificha mimi. Mtoto huyu yuko tayari jina lake lifutwe kuliko kuandika kwenye karatasi kwamba mama yake hajui kitu.

Nililifunga daftari nikalirudisha lilivyokuwa, hata kalamu nikaiweka juu yake kwa upande ule ule. Alipotoka bafuni nikamuuliza, "Umekula?" Akasema amekula. Uongo mwingine.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Msimamizi wetu nilimwambia nina dharura ya mtoto. "Mtoto anaumwa?" Nikamjibu, "Anaumwa ukweli." Akanitazama, akaniruhusu.

Nilikwenda kama nilivyo, sare ya kijani na mabuti ya mpira. Getini mlinzi akaniuliza namtafuta nani.

"Namtafuta Rudia."

Mlinzi alicheka mpaka akashika kofia. "Mama, usimwite hivyo mbele yake. Hilo la wanafunzi. Nenda moja kwa moja, ukisikia krr krr umefika."

Karakana ni banda refu, paa la bati, ndoo nne chini zinakinga matone. Meza ndefu zina majiliwa pande zote mbili, na vijana wamesimama wanapiga tupa. Kitinda alikuwa mwisho kabisa, amesimama mikono mitupu mbele ya jiliwa tupu. Wenzake wote wana chuma.

Akaniona. "Mama! Nani kakuleta?"

"Miguu."

"Mama, tafadhali, rudi nyumbani."

"Nimezaa mimi, nimeosha mimi. Wewe nyamaza."

Mzee mmoja mfupi, mnene kidogo, miwani imefungwa kwa uzi, alikuwa ananitazama. Nikajua ni yeye, ingawa hakufanana hata chembe na yule niliyekuwa nakesha naye rohoni. Nikamwendea, nikasema kwa adabu yangu yote, "Habari za kazi, mwalimu Rudia."

Tupa zote zikanyamaza. Nikaziba mdomo kwa mkono.

"Nzuri, mama," akajibu. "Usijali. Siku hizi hata mke wangu ananiita hivyo."

Nilimweleza yote pale pale nimesimama, sabuni, mchanga, waya wa sufuria, kitambaa cha unyevu, bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Nikasema mtoto hana kosa, kama kuna wa kufutwa jina nifutwe mimi, ingawa mimi sina jina hapa la kufutwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanichukua mpaka kwenye kabati moja la vioo pembeni.

Ndani mlikuwa na vyuma vilivyoharibika, kila kimoja na kikaratasi. "Hiki," akasema, "baba wa kijana mmoja alikiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Alisema kilikuwa sawasawa mno kuachwa bure. Hiki bibi mmoja alikifanya kizito cha kufunikia sufuria. Kila msimu kuna mmoja, mama. Wewe si wa kwanza. Wewe ni wa kwanza kuja."

"Sasa kwa nini umemnyima chuma?" Niliuliza kwa ukali, sikukusudia.

Akanyanyua mkono wa kushoto. Una vidole vitatu.

"Nilikuwa kiwandani, kijana. Mashine ilikwama, mwenzangu akaandika: sababu, uchakavu. Tukabadilisha vipuri, tukawasha. Haikuwa uchakavu. Alikuwa amesahau spana ndani, akaona aibu kusema." Akaushusha mkono. "Chuma kikiharibika ninacho kingine. Huyu binti yako ana mikono mizuri kuliko wote waliomo humu. Lakini kesho atasimamia mashine za watu, na sababu akiandika ya huruma, kuna mtu atabaki na vidole vitatu."



Akafungua daftari la Kitinda, akaliweka juu ya meza, akanipa kalamu. "Andika."

"Mimi? Mwalimu, mimi niliishia darasa la tano."

"Sababu haiulizi darasa."

Basi nikaandika, herufi kubwa kubwa, vijana wote wamejidai wanapiga tupa huku wananitazama: "VIPANDE NILIVIOSHA MIMI MAMA YAKE. NILITUMIA SABUNI, MCHANGA NA WAYA WA SUFURIA. NILIDHANI MAFUTA NI UCHAFU. YEYE HAKUJUA."

Alisoma. Akatia sahihi. Halafu akavuta droo, akatoa vipande viwili vya chuma vimepakwa mafuta mazito. Vilikuwa vimekatwa tayari na namba ya Kitinda imegongwa juu.

"Vimekatwa lini?" nikauliza.

"Jumanne," akasema. "Nilikuwa nasubiri tu." Akamgeukia Kitinda. "Kesho nafungua saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa hunikuti na uso huu."

Kitinda alinisindikiza mpaka getini. Njia nzima mvua inatunyeshea. Tulipofika akanikumbatia na ovaroli yake, akaniachia alama nyeusi kwenye sare. "Mabuti hayo, mama," akasema. "Umekuja chuoni na mabuti hayo." Akaanza kucheka, nami nikacheka, mlinzi naye akacheka bila kujua kitu.

Alama ile sijaifua.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Katoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimemfungia chapati mbili, moja ya Rudia.

Jumamosi, tarehe 20 Aprili

Barazani, krr, krr. Dada alikuja na maneno yake, nikamwonyesha kiti. "Kaa utazame, usiseme kitu." Akakaa. Baada ya nusu saa akasema, "Mbona anasukuma tu, harudishi?" Kitinda akamweleza kwamba tupa hula ikienda, ikirudi inyanyuliwe. Dada akasema, "Kama mkasi basi." Akakaa mpaka jioni.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Kasema rudia. Nilishukuru Mungu. Maana yake kakipima.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

"Bado kidogo." Siku sita, kazi ya wiki tano! Nilimuuliza imekuwaje. Akasema vya kwanza vilikuwa vinamfundisha, hivi vya pili anavifanya tu. Nadhani ananibembeleza. Lakini alipolala nimeangalia viganja vyake, malengelenge yamekuwa sugu, magumu kama ya baba yake.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Mtihani. Sijapiga simu. Nimekunja mashuka mia mbili na kumi, msimamizi anauliza nimekunywa nini.

Jioni kanisimulia. Mtahini katoka chuo kingine, hamjui mtu. Kasoma daftari kwanza, kafika kwenye herufi zangu kubwa, kavua miwani. "Mama yako anafanya kazi gani?"

"Dobi wa hospitali."

"Basi nieleze kwa nini chuma hupakwa mafuta, na kona hupotea vipi kwa mchanga."

"Nilimweleza robo saa nzima, mama," Kitinda akasema. "Aliponikatiza nilikuwa sijafika hata nusu. Swali hilo nimelisomea kwa machozi."

"Na mwanga?"

"Alivinyanyua dirishani. Akakaa navyo. Akavirudisha chini. Matokeo Jumanne."

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Sikulala vizuri. Sioni haja ya kuandika zaidi.

Jumanne, tarehe 30 Aprili

Mashine zetu zikizunguka zote huwezi kusikia hata jina lako. Saa sita nilitoka kwenda kunywa maji, nikatoa simu mfukoni. Kitinda kanipigia mara saba.

Mara saba! Mtu hapigi mara saba kwa jambo jema. Nikakaa juu ya furushi la foronya chafu, simu mkononi, siwezi kuibonyeza. Nikafikiri nitamwambia nini, kwamba mikono yake ni mizuri, kwamba kuna njia nyingine, kwamba dada atamfundisha cherehani. Ikalia ya nane mkononi mwangu.

"Mama! Uko wapi? Mara saba nimepiga!"

"Niambie tu, mwanangu. Niambie nimekaa."

"Nimefaulu! Mama, alama themanini na nane! Rudia kanishika mkono!"

Sijui nilijibu nini. Wenzangu wanasema nilipiga vigelegele mpaka muuguzi wa ghorofa ya juu akateremka kuuliza nani kajifungua huku chini. Fundi wa hospitali alikuwepo, akanyanyua kopo lake la grisi juu kama kombe.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Mvua imekatika tangu Alhamisi. Leo jua limetoka kamili, magodoro yote nje, mji mzima unanuka sabuni.

Kitinda kaleta vipande nyumbani, wamemruhusu akae navyo. Vile vya kwanza, vyangu, vimeingia kwenye kabati la vioo. Nimeuliza kikaratasi kimeandikwaje. "Kimeandikwa, Vilioshwa. Na chini yake, Mama alikuja mwenyewe." Rudia kanitumia salamu, anasema chapati ile ilikuwa sawa upande mmoja, wa pili nirudie.

Nilivichukua vipande vipya nikavitia kimoja ndani ya kingine. Viliingia polepole, kwa sauti ndogo kama mtu anayeshusha pumzi. Nikavinyanyua dirishani, jua lile likiwa linaniwakia usoni. Nikafumba jicho moja kama wanavyofanya wao. Nikageuza huku, nikageuza kule. Giza tupu, wala ufa wa unywele.

Dada akaniomba na yeye atazame. Akatazama kwa muda mrefu sana. "Sioni kitu," akasema.

"Ndiyo sifa yake," nikamwambia.

Halafu nikaleta mafuta ya mashine na lile shati la bluu. Nilivipaka mwenyewe, kila upande, hasa kwenye kona. Shati likawa jeusi tena mbele ya macho yangu, nami nikaliacha liwe.

Kilichofanyika: nimepaka mafuta.
Kilichoharibika: shuka moja jeupe, nimelianua kwa mikono ile ile.
Sababu: furaha.